Mwongo Ana Kiu

Jumatatu, 12 Septemba 2016

Milima haikutani, binadamu hukutana. Leo nimekutana naye. Nshombo! Yeye mwenyewe, na shati la kola, na funguo zinaning'inia kiunoni. Todd, bosi wetu, kamleta mpaka kwenye meza tunapopakia saladi, akatangaza: huyu ndiye msimamizi mpya wa grinihausi, nyumba yetu ya vioo ya kukuzia mboga, ametoka Louisville, anajua Kiingereza, Kifaransa na Kiswahili, mtaelewana naye sana.

Tutaelewana!

Akanisalimu mbele ya wote. "Jambo mama Alliance, siku mingi." Nikajibu jambo. Mikono yangu ilikuwa imejaa majani, namshukuru Mungu, la sivyo angetaka kunishika mkono.

Naandika ili hasira isinipasue. Louisville, mwaka juzi, tulikaa mtaa wa Iroquois, jengo moja na huyu mtu, kanisa moja. Kaka yangu Murhula alikuwa anaendesha forklift, gari la kuinulia mizigo, kwenye bohari. Siku moja akagonga rafu, maboksi yakaanguka. Hakuna aliyeumia. Mabosi wakamwita aeleze. Kiingereza chake wakati ule kilikuwa "yes" na "thank you", basi wakamwita Nshombo, naye alifanya kazi palepale, atafsiri. Na Nshombo akawaambia nini? Kwamba Murhula alikuwa amekunywa. Murhula! Mtu ambaye hata kasiksi, pombe yetu ya ndizi, haionji harusini. Walimfukuza siku hiyohiyo. Jumapili iliyofuata habari ilikuwa imeshafika kanisani, wakamtoa kwenye kwaya. Mpaka leo wakimtaja kule wanasema "Murhula mlevi". Yeye akaenda Buffalo, mimi nikaja huku Columbus. Aibu ilitutawanya.

Ninataka kitu kimoja. Nshombo asimame mbele ya watu aseme Murhula hakulewa. Asiposema kwa hiari, atasema kwa kuchoka.

Jumatano, 14 Septemba

Siku nzima Todd amepanda ngazi anafunga visanduku vyeupe vya plastiki juu ya vitanda vya saladi. Kila kimoja kinapima joto, unyevu na mwanga, kisha kinapeleka habari kwenye kompyuta. Kompyuta ndiyo itafungua madirisha ya paa, kuwasha feni, kumwaga maji. Na itajifunza, anasema. Kila siku itaona sisi tunafanya nini na itaongeza akili. Nikajiuliza moyoni kama itajifunza na kusingizia watu.

Nilimsimulia Alliance habari za Nshombo. Binti yangu huyu nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, hata nikiwa nalia. "Mom, let it go." Yaani niachane nayo. Kama vile ni basi la Morse Road, likipita unangoja jingine!

Jumanne, 20 Septemba

Mungu hamtupi mja wake!

Todd hakupenda namba za vile visanduku. Ndefu mno, hakuna anayezikumbuka, na kisanduku kikitaka kitu ujumbe unakuja kwenye simu na namba tupu. Anataka kila kimoja kiwe na jina. Majina ya kwenu, akasema, kwa sababu nyinyi ndio wengi hapa. Akanipa mimi kazi hiyo kwa kuwa ndimi niliyekaa pale muda mrefu kuliko wote. Nilijizuia nisicheke.

Kwetu Bushi, kule Kongo, ukigombana na jirani humtukani. Unafuga mbwa, unampa jina. Shangazi yangu wa Walungu alikuwa na mbwa ambaye jina lake kwa Kimashi maana yake Ulidhani-Sijui. Kila jioni anasimama kwenye uzio anamwita kwa sauti, taratibu, mara tatu, mbwa mwenyewe amelala miguuni pake. Jirani alihama. Utamshtaki mtu kwa kumwita mbwa wake?

Basi nimefuga mbwa wangu. Kilicho juu ya mlango nimekiita Ulimi. Kile cha kwenye nyanya, Tutaonana. Cha juu kabisa chini ya paa, Mungu-Anaona. Cha katikati, Umesahau. Na kile cha pembe ya kaskazini, kwenye baridi, wanapokaa miche, nimekiita Mwongo.

Todd akauliza maana. Ulimi nikamwambia ni lugha. Sikudanganya. Mwongo nikamwambia ni jina la babu yangu. Akasema linapendeza sana. Akaliandika kwa kalamu nene na kuchora ua pembeni.

Alhamisi, 22 Septemba

Leo saa ya chai kisanduku cha kwanza kimelia. Ujumbe ukaingia kwenye simu ya Nshombo na kwenye televisheni kubwa ya ukutani. Todd alifurahi kama amepata mtoto. Akamwambia Nshombo awatangazie watu kwa Kiswahili ili waende na mpira wa maji.

Nshombo akasimama. Akasoma. Nikaona shingo yake inavimba. Todd anangoja, anatabasamu.

"Mwongo ana kiu," akasema Nshombo, polepole.

Wamama wa meza yangu waliinamia saladi, mabega yanatikisika. Mmoja akauliza kwa heshima zote kama ni Mwongo yupi. Nimerudi nyumbani nikala sahani mbili.

Jumapili, 2 Oktoba

Mchungaji alikuwa anahubiri juu ya msamaha, mimi niko safu ya nne, Nshombo na mkewe Kavugho safu ya pili. Simu ya Nshombo ilikuwa kwenye mkoba wa Kavugho. Ikatetemeka. Akaichungulia. Akamgeukia mume wake. Nilijua ni nini kwa sababu Todd amenipa na mimi zile jumbe, nisaidie kuangalia. Ulimi umekauka mno.

Baada ya ibada Kavugho alinifuata uani. Ni mwanamke mpole, sina ugomvi naye, Louisville alinipikia uji nilipotoka hospitali. Aliniuliza mume wake amenikosea nini. Nikamwambia muulize mwenyewe alisema nini kule bohari. Akasema alikwisha kumuuliza zamani, na kila mara jibu ni lilelile. Sikutaka kusikia jibu. Nikasingizia Alliance ananiita.

Sasa na kanisani wameanza kucheka, maana wamama wa meza yangu wanasali hapahapa. Kijana mmoja wa kwaya alipomwona Nshombo anapita akasema tutaonana, wenzake wakaangua kicheko. Vizuri! Na kaka yangu alichekwa hivyohivyo. Dawa ya moto ni moto.

Jumatatu, 10 Oktoba

Amenikabili. Nilikuwa nakunja mipira ya maji.

"Ile majina ni mie unatukana," akasema.

Nikamwambia ni visanduku. Je, umekuwa kisanduku?

"Bon. Kama iko kitu na mie, sema. Usipitishe kwa mashini."

Nikasema. Nilimwambia yote, pale kwenye maji, sauti yangu inapanda mpaka feni hazisikiki. Uliwaambia Wazungu kaka yangu alikunywa. Ulimfukuzisha kazi, ukamfukuzisha kwaya. Simama kanisani ukanushe.

"Nilitafsiri ile alisema, mama Alliance. Neno kwa neno. Donc ulitaka nitie na yangu?"

Neno kwa neno! Ana uso mkavu. Ningekuwa mwanaume ningempiga. Akaondoka bila kuniangalia. Na tangu saa ile nimeona kwenye simu yangu anachofanya. Kila ujumbe una vitufe viwili, Nimeshughulikia na Puuza. Ukija wa Mwongo, hata dakika haiishi, anabonyeza Puuza. Ukija wa Ulimi, Puuza. Puuza, puuza. Basi yamemfika.

Ijumaa, 28 Oktoba

Kuna jambo la ajabu kwenye pembe ya kaskazini. Miche imelala. Udongo umekauka, unaingiza kidole kinatoka safi. Kisanduku cha Mwongo kinasema kavu, kavu, kavu. Na mashine haimwagi maji.

Kwenye mkutano wa asubuhi Todd alitueleza, na Nshombo akatafsiri. Mashine inajifunza kwetu. Ikiona kisanduku kinapuuzwa kila mara, inaamua hakiaminiki, inaacha kukisikiliza na kusikiliza wenzake wa jirani. Todd aliona ni akili nyingi hiyo. Inajisahihisha yenyewe, akasema, hatukuifundisha. Kisha akaonyesha mistari ya rangi ukutani: Mungu-Anaona mstari mnene, anasikilizwa sana. Mwongo uzi mwembamba.

Nshombo alitafsiri mpaka mwisho bila kumeza mate. Anajua ni kidole chake. Na mimi najua.

Nilicheka sana njiani. Kisanduku kinasema kweli tupu tangu asubuhi mpaka jioni, lakini kwa kuwa kilipewa jina baya hakuna anayekiamini. Halafu nikaacha kucheka, sijui kwa nini.

Sikumwambia Todd. Miche ife. Ni ya Nshombo, iandikwe kwake.

Todd akatangaza na jingine: kampuni inafungua grinihausi ya pili, Buffalo. Mashine ya kule haitaanza darasa la kwanza. Wataihamishia akili ya hii yetu, ilivyo, pamoja na majina.

Jumamosi, 26 Novemba, Buffalo

Nimekuja na basi la Alhamisi kwa sikukuu ya Wamarekani ya bata mzinga. Alliance amebaki kwa rafiki zake, kitongoji cha Gahanna. Murhula amenipokea kituoni na koti la ziada mkononi, akijua nitakuja na langu jepesi. Amenona kidogo. Anaimba tena, kwaya ya Waburundi, wamemweka sauti ya tatu na ananitania kuwa huko ndiko wanakotupwa Wakongomani.

Tulikula fufu na sombe, majani yetu ya muhogo. Nilikuwa na furaha kweli. Halafu akaniambia amepata kazi nzuri, ya ndani, joto, si ya kubeba. Kwenye ile grinihausi mpya! Amepewa miche yote ailee. Nikampigia vigelegele. Nikauliza nani kakuunganisha.

Nshombo. Alimpigia simu mwenyewe.

Nilisukuma sahani. Nilimwambia huyo mtu anakununua, anakuziba mdomo kwa kazi. Murhula akaendelea kumega fufu. Ana tabia hiyo tangu utoto, ukipiga kelele yeye anatafuna. Nikamwambia basi nieleze leo, siku ile ulisema nini hasa. Miaka yote hii sikuwahi kumuuliza. Nilikuwa nauliza Nshombo alisema nini.

"Waliuliza iko nini ilinipata," akasema. "Nikajibu: asubuyi nilikunywa, kichwa ikanizunguka."

"Ulikunywa nini?"

"Dawa! Dawa ya grippe. Si nilikuwa nakohoa wiki muzima?"

"Na ulisema dawa?"

Akamega tonge jingine. "Nani anasemaka yote? Mutu anaelewa mwenyewe."

Nimekaa na maneno hayo jana na leo. Kwetu dawa tunakunywa. Hata kidonge tunakunywa. Mtu akikuambia amekunywa asubuhi na anakohoa, unaelewa. Wazungu dawa hawainywi, wanaichukua. Alliance ndiye aliyenieleza hilo siku moja alipokuwa ananicheka. Na ukisema kwao mtu alikunywa, basi, hakuna anayeuliza alikunywa nini.

Kwa hiyo alitafsiri neno kwa neno. Kweli kabisa. Shetani amchukue na neno lake!

Lakini yeye ni Mushi, mtu wa Bushi kama sisi. Mama yake alimbana pua akamnywesha dawa kama mama yetu alivyotubana sisi. Alisikia kikohozi. Alikuwa na nafasi ya kuuliza neno moja tu: nini? Hakuuliza. Alitaka kuonekana mtafsiri hodari mbele ya mabosi, asiyebabaika. Basi si mwongo. Ni mtu asiyeuliza. Sijui kama hilo ni dogo zaidi.

Murhula ananiomba nibadilishe majina ya vile visanduku. Amekwisha kuyaona kule, Mwongo yuko juu ya miche yake, na kila akipita anaona haya. Nikamwambia atazoea.

Jumanne, 6 Desemba

Todd anachapisha bango la wageni, picha ya grinihausi na majina yote ya visanduku. Aliniuliza kama kuna jina nataka kulibadilisha kabla halijakwenda kuchapwa. Nshombo alikuwa amesimama karibu, anajifanya anasoma kipimajoto.

Nikasema hapana, yote yako sawa.

Kwa nini nilisema hivyo? Nilikuwa nimelala na jibu jingine kabisa. Nilipomwona tu, na zile funguo zake, ulimi ukakataa. Aje aniulize kwanza. Aje aniambie, mama Alliance, sikuuliza, nisamehe. Maneno matatu manne hivi. Hayazidi nguvu za mtafsiri hodari.

Jumapili, 8 Januari 2017

Sikwenda kanisani, barabara yetu ina barafu na Alliance ana homa. Nimeweka maharagwe jikoni. Mchana huu simu ikalia. Buffalo. Mwongo ana baridi.

Nikafungua ile picha ya mashine kwenye simu. Yote kijani. Kule wamefunikwa na theluji tangu jana, lakini Ulimi hajambo, Umesahau hajambo, Mungu-Anaona hajambo kabisa huko juu chini ya paa, joto lote limepanda kwake. Mwongo peke yake ndiye anayeshuka. Kwa mashine Mwongo hahesabiwi. Haijawasha hita ya pembe ile na haitawasha. Miche iko pembe ile.

Todd ameniunganisha na ya kule pia, lakini naweza kuona tu, siwezi kuamuru. Anayeweza kuamuru zote mbili kutoka huku ni msimamizi wa zamu, na Jumapili hii ni zamu ya Nshombo. Na Nshombo amekwisha kuyaficha majina yangu yote kwenye simu yake, hayamlilii tena.

Niseme kweli, maana hapa hakuna anayesoma. Nilifurahi! Nilipunguza moto wa maharagwe, nikavuta kiti, nikakaa kuangalia. Mwongo akashuka tena. Nikasema leo nimekupata. Si mimi niliyebonyeza Puuza. Miche yote ya majira ya kuchipua, grinihausi mpya, wageni wanakuja na bango limechapwa. Kesho Todd atauliza ilikuwa zamu ya nani. Utakwenda nyumbani na funguo zako, na kanisani tutakuangalia.

Simu ikalia tena, ni Murhula. Anacheka. Theluji imeziba mlango wake, serikali imekataza magari, hakuna mtu kutoka. Nikamuuliza miche je? Akasema haina wasiwasi, mashini iko inaangalia. Akanisomea majina ya mboga alizopanda, moja moja, kama mtu anayetaja watoto wake. Sikumwambia kitu. Tukaagana.

Nikarudi kuketi. Nikaendelea na hesabu zangu: kesho watagundua, watauliza. Lakini watamuuliza nani kwanza? Mlezi wa miche. Watamwita Murhula ofisini wamuulize nini kilitokea, na Kiingereza chake bado ni kile cha kununulia mkate. Watasema aletwe mtu atafsiri, hata kwa simu.

Na nani atatafsiri?

Nilisimama mpaka kiti kikaanguka.

Nimempigia Nshombo. Hakupokea. Tena, hakupokea. Labda na namba yangu ameificha. Mara ya tatu akapokea Kavugho, nikamwambia nipe mume wako, si ugomvi, ni kazi. Akaja. Nilisema kwa haraka: Buffalo, kuna kisanduku kinalia, mashine haikisikii, miche ya Murhula inaganda.

Hakubisha. Nilitegemea abishe. Akasema kwake yote iko kijani, lakini kuna visanduku alivificha mwenyewe, mpaka aandike jina ndipo kimoja kifunguke. Akaniambia ningoje afungue kompyuta, nisikate. Simu iko hapa mezani, nimefungua spika. Naandika ili mikono itulie. Namsikia anavuta kiti. Namsikia Kavugho anawanyamazisha watoto. Alliance ametoka chumbani na blanketi, amesimama mlangoni ananiangalia.

Mwongo ameshuka tena.

"Bon," Nshombo anasema. "Iko wazi. Ni gani? Sema jina niandike."

Miaka yote hii nimelitafuna hilo neno nimtemee usoni. Usiku na mchana. Nilikuwa nimepanga hata mahali, mbele ya mimbari, na nguo nitakayovaa. Sasa analiomba mwenyewe, kwa upole, mkewe anasikia, watoto wake wanasikia, na mimi mdomo wangu umekauka. Naweza kumwambia ni kile cha pembe ya kaskazini. Nimemwambia. Anasema kule hajawahi kufika, na mashini haijui pembe, inajua jina tu.

"Mama Alliance, uko?"

Niko.

"Miche inakufa, mama. Sema tu, sitakasirika. Nani iko na baridi?"